Waya Uliofungwa Kienyeji

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Mbinga. Mama mmoja kutoka Lituhi alikuwa amefikia zamu ya kuchapiwa cheti cha mtoto, mtandao ukakatika.

Fundi alikuja mikono mitupu. Koleo la kubania waya, alisema, amelisahau Songea. Akamenya waya kwa meno, akabana kichwa cha waya kwa kisu cha mkate. Taa ya mtandao ikawaka.

"Nimeufunga kienyeji," akamwambia mhudumu. "Usiuguse tu."

Mhudumu akasogeza kiti. Taa ikazima. Nje, gari la Lituhi likapiga honi ya mwisho.

"Baba," mama akasema, akikaza kitenge, "kienyeji ni kuku."

Fundi alicheka kuliko sote. Yeye hakuwa na gari la kuwahi.