Mchuma Chai na Asilimia Kumi ya Dalali

Mvua ya Nkunga, kwenye mashamba ya chai karibu na Tukuyu, haina adabu. Inanyesha usiku kucha, inapumzika kidogo watu watoke majumbani, halafu inarudi wakiwa katikati ya shamba. Asubuhi hii ya Alhamisi inamkuta Tusekile Kasyupa amejifunga nailoni kiunoni, tenga liko mgongoni, vidole vinakimbia juu ya chai: majani mawili na kichipukizi, anatupa nyuma, majani mawili na kichipukizi, anatupa nyuma.

Simu aliyoifungia kwenye mfuko wa plastiki inaita kifuani. Anaiacha iite mpaka inyamaze yenyewe.

"Huyo ni dalali," anasema bila kuinua macho. "Anataka kunikumbusha asilimia kumi yake. Kama vile kuna usiku nimelala nikaisahau."

Mama huyu wa miaka 56 amechuma chai ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Siku nzuri anapata shilingi elfu saba. Siku mbaya, bega la kulia likigoma, anarudi nyumbani na elfu tatu na dawa ya kuchua. Mwaka jana bega liligoma mara nyingi kuliko alivyozoea, ndipo akaamua kuuza nyumba yake iliyoko pembeni mwa mji wa Tukuyu.

Hauzi akale. Kisondela, karibu na anakoishi binti yake Tulia, kuna mzee mmoja aitwaye Hosea anayehamia kwa wanawe. Anauza nyumba ya vyumba viwili na ekari moja yenye migomba na nafasi ya kupanda parachichi. Bei yake ni milioni 29, haipungui. Na Hosea hakumficha: Jumamosi fedha isipofika, anamuuzia mtu mwingine ambaye ameshaleta wajumbe mara mbili.

Nyumba ya Tusekile imepata mnunuzi wa milioni 32. Mtu akisikia hivyo atasema mama huyu ameshavuka. Lakini toa asilimia kumi ya dalali uone. Zinabaki milioni 28 na laki nane, na nyumba ya Kisondela inaishia hapohapo.

"Laki mbili tu," anasema. "Kuna watu wanakunywa laki mbili kwa usiku mmoja pale mjini. Mimi zinanikosesha mahali pa kuzeekea."

Mizani inafungwa saa tano. Karani anatundika tenga lake, anasoma, anakunja uso, kisha anatoa kilo tatu. Majani yameloa, na kiwanda hakinunui maji ya mvua. Kila mchuma chai anayajua makato hayo na kila mmoja ana jibu lake. La Tusekile halijabadilika tangu siku yake ya kwanza shambani.

"Kata maji, baba. Usikate na majani."

Tutaelewana

Dalali mwenyewe anaitwa Muddy. Jina la kwenye kitambulisho ni Mohamed Athuman, lakini ukiliuliza hilo stendi ya Tukuyu watakutazama kama mgeni wa wilaya. Ana miaka 38, viatu vinavyong'aa hata siku za matope, na simu mbili ambazo hazikauki chaji. Alikuja kwa Tusekile miezi minne iliyopita, akaizunguka nyumba, akapiga picha, akasifia mbao za dari.

Tusekile akamuuliza malipo yake yatakuwaje.

"Mama, kwani mimi na wewe tutashindwana? Tutaelewana," Muddy akajibu.

"Haya, tutaelewana," naye akasema.

Basi, mkataba ukawa huo. Msomaji usimcheke, maana huenda hata wewe fundi wako wa bati ulielewana naye hivyohivyo. Neno hilo ni tamu siku ya kwanza kwa sababu kila mtu anaondoka na maana yake mfukoni. Muddy alielewa kumi, kwa kuwa kumi ndiyo desturi ya madalali. Tusekile alielewa kitu cha asante, milioni moja hivi, kwa kuwa hajawahi kuuza nyumba maishani mwake.

Walipokuja kuyazungumza, bei ilikuwa imeshakubaliwa na Jumamosi ya Hosea iko mlangoni. Tusekile aliomba asilimia tano. Muddy alikataa kwa upole, akakataa tena kwa simu, na mara ya tatu akakataa bila upole.

Kumwonea Muddy nako si haki. Katika miezi hiyo minne alileta wateja watatu kabla ya huyu, kwa nauli za bodaboda kutoka mfukoni mwake. Wote watatu waliipenda nyumba. Wote watatu walikimbia walipofika nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko, katikati ya migomba, amelala Ambindwile, mume wa Tusekile. Alikuwa fundi mwashi, nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake, na huu ni mwaka wa sita tangu azikwe. Kaburi limewekwa marumaru za bluu na nyeupe. Kwa Wanyakyusa kuzikana nyumbani si jambo la ajabu, na ukoo uliporidhia nyumba iuzwe ulitoa sharti moja tu kupitia kwa mzee Andrea, kaka wa marehemu: mifupa isiguswe.

Kwa mteja wa nne, Muddy alibadilisha mbinu. Picha alipiga kutokea barabarani. Mteja alimleta siku Tusekile yuko shambani na mvua inamwagika, akamwonyesha vyumba, sebule na dari. Alipoulizwa nyuma kuna nini, alijibu kwamba huko ni migomba tu.

"Sikusema uongo," anajitetea leo. "Migomba ipo."

Gari linaloguruma

Alhamisi hiyohiyo saa nane mchana, mnunuzi anafika kuona nyumba kwa mara ya mwisho kabla ya kutia saini kesho yake. Anaitwa Naima Abubakary, mfanyabiashara wa vitenge wa Kiwira, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Muddy anamkimbilia kumfungulia mlango wa gari. Tusekile anatoka jikoni akijifuta mikono, na kwa salamu zinazopita kati yao mtu angedhani kazi imekwisha.

Naima anasema anataka kuona mahali pa kujenga stoo. Kabla Muddy hajapata neno la kumrudisha, ameshapita kona ya jiko.

Matone yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Tusekile anamfuata, na anamkuta amesimama wima mbele ya marumaru zile. Siku zote alidhani Muddy ameshasema.

"Huyu ni nani, mama?"

"Ni baba wa wanangu."

Naima anageuka taratibu. "Muddy. Uliniambia huku ni migomba."

Muddy anarudi nyuma hadi chini ya upenu.

"Sisi tunazika makaburini, lakini mimi sina ugomvi na marehemu," Naima anasema. "Nina ugomvi na kufichwa. Kama hili limefichwa, lipi jingine nisilolijua?" Anarudi garini, anawasha injini, lakini haondoki. Anabaki ameshika usukani, anatazama mbele.

Tusekile anasema hapo ndipo alipoiona Kisondela inampita hivihivi. Alitamani kumzaba Muddy kofi, alitamani kulia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alitembea hadi dirishani, akagonga kioo kwa kidole.

"Mwanangu, wewe hukutendewa haki, na mimi sikutendewa haki. Nisikilize, kisha uende ukitaka."

Alimweleza kwamba kaburi halihami. Ila liko ukingoni, linapakana na kinjia cha kwenda mtoni. Wakikata kipande hicho cha nyuma kisiwe sehemu ya mauzo, ukoo utapita kinjiani kwenda kumwona marehemu wao bila kukanyaga uani kwa Naima. Ua utapandwa katikati, na kila mtu atakaa na chake.

Naima alifikiri kwa muda ambao Tusekile anaapa ulikuwa mrefu kuliko msimu mzima wa chai.

"Nakubali, lakini kiwanja kimepungua," akasema hatimaye. "Nitatoa milioni 31." Kisha akateremsha kioo zaidi, akapunguza sauti. "Na tena mama, mimi na wewe tumeshaonana. Huyu wa nini? Tumalizane wenyewe, yeye tumwache na migomba yake."

Hapo palikuwa pagumu. Kwa milioni 31 bila dalali, Tusekile angeinunua nyumba ya Hosea na kubakiwa na milioni mbili nzima. Kwa milioni 31 na asilimia kumi, angepungukiwa zaidi ya milioni moja, na kesho kutwa ni Jumamosi. Alimtazama Muddy aliyekuwa amejibanza chini ya upenu wa bati, viatu vyake vyote vimejaa tope.

"Yeye ndiye aliyekuleta," alimwambia Naima. "Mimi nalipwa kwa kilo, mwanangu. Najua inavyouma mtu akikuchumisha halafu akakana tenga lako. Nipe dakika, nikazungumze naye."

Makato

Mazungumzo yalifanyika jikoni, wawili hao wakiwa wamesimama, moshi ukiwauma macho. Nje injini bado inaguruma.

Muddy alianza yeye. Alisema amechoka, amehangaika miezi minne, ana familia, na kumi ndiyo desturi, hakuitunga yeye.

"Umehangaika, sijakataa," Tusekile akamjibu. "Lakini nimwambie nini yule mwanamke? Hataki kukusikia. Anataka tukuache nje. Nikitoka hapa nikamwambia sawa, utakwenda kunishtaki wapi? Mkataba wetu ni neno tutaelewana."

Rangi ilimtoka Muddy. Akashuka mpaka milioni mbili na nusu. Tusekile akatikisa kichwa. Akashuka mpaka mbili, akasema hapo ndipo mwisho, na kweli alionekana mtu aliyefika mwisho.

Kwa milioni mbili, Kisondela ilikuwa inapatikana kwa shilingi ileile, bila hata nauli ya kuhamisha kitanda. Tusekile angeweza kukubali. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda, na ilipopanda ilikuja na lugha ya shambani.

"Milioni moja imenitoka sasa hivi kwenye bei kwa sababu ya picha zako. Mbele ya wale watatu ulifanya kazi, jasho lako nililiona. Kwa huyu wa nne ulinijazia maji kwenye tenga. Leo nakupima, Muddy. Nakukata maji. Chukua milioni moja."

Muddy alitazama viatu vyake vyenye tope. Marehemu mama yake, Mwanaheri, alichuma chai kabla ya kufungua genge la mboga, na makato ya mizani aliyasikia yakilalamikiwa kila jioni ya utoto wake.

"Sawa, mama," akasema polepole. "Kata maji. Lakini usikate na majani."

Tusekile anakiri kwamba neno lile lilimchoma. Ni lake, analisema kila siku, na hakuna karani aliyewahi kulisikiliza. Aliinama akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Moja na nusu," akasema. "Na utatoka ukamwombe radhi yule mwanamke mwenyewe, kwa mdomo wako, si kwa simu."

Muddy akatoka kwenye mvua, akaenda hadi dirishani. Hakuna aliyesikia alichosema. Baada ya muda injini ilizimwa.

"Niliumia, nisiseme uongo," anasema dalali huyo, ambaye siku hizi hupiga picha za kaburi kwanza kabla ya sebule. "Na balaa ni kwamba habari imeenea. Kila ninakokwenda wananiambia niwapimie kama nilivyopimiwa na mama wa chai. Sasa naandikiana na mtu kabla sijapanda bodaboda."

Ijumaa walitia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Muddy akapewa chake palepale, na kabla ya jua kuzama fedha za Hosea zilikuwa zimefika Kisondela. Kisha Naima na Tusekile wakarudi nyuma ya jiko kupigilia vigingi vya kipande kilichobaki. Naima alikitazama, akapima kwa macho, akashangaa.

"Mama, kaburi ni moja. Mbona umeacha upana wa mawili?"

"Na mimi je, mwanangu?" Tusekile akamjibu, kama mtu aliyeulizwa saa. "Nije kulala wapi?"

Naima alichomoa kigingi cha upande wake, akakisogeza hatua moja kuingia kwenye kiwanja alichokinunua, akakigongea kwa jiwe yeye mwenyewe.

"Ndaga, mwanangu," Tusekile akamshukuru kwa lugha ya kwao, na hapo ndipo machozi aliyoyazuia tangu Alhamisi yalipomtoka.

Leo, kule Kisondela, mama huyo anachimba mashimo kwa jembe la mpini mfupi, akilibembeleza bega lake. Laki tano zilizobaki zimelipa gari la kuhamisha vyombo na miche ya parachichi iliyopangwa kivulini mwa migomba. Anasema chai ya mtu hachumi tena, hata waje kumwita kwa baiskeli.

Anaulizwa kama haimtishi kujua kabisa mahali atakapozikwa, tena kiwanja chenyewe kimeshapimwa na kinasubiri. Anaegemea mpini, anacheka mpaka anashika kiuno.

"Miche hii inataka miaka mitatu ndipo izae, na ikizaa nataka kuila mimi," anasema. "Ukipita pale nyuma ya jiko mwambie Ambindwile asinihesabie siku. Nina kazi."