Mkono wa Kushoto wa Asmahan

Saa moja asubuhi, Sutton Coldfield, kando ya Birmingham. Asmahan Hafidh ameketi kando ya kitanda cha Bi Vimla, bakuli la uji mapajani, kijiko mkono wa kulia. Bi Vimla amekula chumvi nyingi na hapokei kijiko kinachotoka kushoto. Hagombi, hufumba mdomo tu na kungoja.

"Huyu na mama wangeelewana sana," anasema Asmahan, akicheka chinichini.

Asmahan ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Akimaliza zamu atapanda treni kurudi mjini, kisha basi hadi Hodge Hill, na huko ukumbini hutamjua: koti jeupe, barakoa ya wavu, ushungi umebanwa vizuri chini yake, na kitara, upanga mwembamba wa mchezo, mkononi. Mkono wenyewe ni wa kushoto, na ndio uliomkosesha usingizi.

Alizaliwa Birmingham na kulelewa Lozells na wazazi wa Mombasa. Ana pasi mbili, ya Uingereza na ya Kenya. Mwanzoni aliichezea Uingereza, kisha akaamua kuichezea Kenya, ikabidi akae nje ya mashindano ya kimataifa mpaka muda wa kuhama nchi ulipokwisha. Mwezi ujao anakwenda kwenye mashindano ya Afrika, mara yake ya kwanza kuvaa koti lenye jina la Kenya mgongoni.

Nusura asiende.

Tangu mtoto, kila kitu alikiendea kwa kushoto. Mama yake, Bi Nunu, hakulistahamili jambo hilo hata kidogo. "Nalimvika soksi mkono ule kila akila," anasema bila kuomba radhi. "Akalia, akazowea. Mtoto akimpa mtu kitu kwa kushoto, watu husema hakufunzwa. Na asemwaye si yeye, ni mimi."

Kwa hiyo alipojiunga na klabu ya vitara, Asmahan alishika kitara kwa kulia, na akapigwa na kila mtu. Kocha wake, Jagjit, dereva wa basi aliyestaafu, alianza kukata tamaa. "Kila pigo lake lilifika likiwa limechelewa," anakumbuka.

Siku moja, akimgeuza mgonjwa kitandani kazini, Asmahan aliteguka kifundo cha mkono wa kulia. Jagjit hapendi mtu akae bure ukumbini. Akamwambia ashike kwa ule mwingine, afanye mazoezi ya miguu tu. Miguu ikasahaulika. Jioni ile hakuna aliyeweza kumgusa.

"Nilifurahi mpaka nikaona aibu," anasema Asmahan. "Nikifikiria mama ataniona, like, nimemtupia malezi yake yote."

Basi akamficha. Haikuwa kazi ngumu: Bi Nunu hufanya kazi hospitalini usiku, na mchana hulala. Picha zilizokwenda Mombasa ni za medali tu. "Medali naishika kulia, picha inapigwa, kwisha," anasema.

Alipochaguliwa na Kenya, siri ikakosa pa kujificha. Mashindano yangeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, na shangazi yake Makungu akatangaza katika kundi la WhatsApp la ukoo kwamba atakusanya watu nyumbani kwake Kisauni watazame pamoja.

"Nikaizima simu," anasema Asmahan. "Mama ajue pale, mbele ya ukoo mzima? Nikamwambia coach, mimi najitoa."

Kwenda bila radhi ya mama, kwake, ni afadhali asiende. Jagjit alimsikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: mlete Jumapili, aone mwenyewe.

Jumapili hiyo Bi Nunu aliketi ukumbini, benchi la mbele, na chupa yake ya chai. Binti yake alipomwinulia mpinzani kitara kwa kushoto, mama aliacha kumimina. Asmahan alimwona kupitia kwenye wavu wa barakoa, akapoteza pointi tatu papo hapo.

"Nilikuwa napigana na mama, si na yule msichana," anasema. Alipoona ameshaharibikiwa vya kutosha, akaamua heri ashinde. Akashinda.

Pambano likiisha, wachezaji huvua barakoa na kupeana mkono usio na silaha. Mpinzani wake, Cheryl, hutumia kulia, kwa hiyo akatoa kushoto. Asmahan akatoa kulia. Mikono ikapishana vibaya, wakacheka wote wawili.

Ndani ya basi, Bi Nunu alikaza kifuniko cha chupa yake ya chai.

"Wa kushoto ni wa kupigia," akasema. "Wa kulia umeubakisha kwa watu."

"Naam, mama."

"Na yule mwenzio, mbona ampa mtu mkono wa kushoto? Hana mama?"

Asmahan anasema alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Mzigo wa siri ya miaka yote hiyo ulikuwa umemshuka.

"Kitara si chakula wala si salamu," ndivyo Bi Nunu alivyomweleza mwandishi huyu. "Kilichoniuma ni kufichwa. Hilo tumelizungumza, na kilio tumelia."

Matumaini ya Asmahan si makubwa. Anataka kuvuka hatua ya makundi, na akirudi afungue darasa la watoto pale Lozells, kwa vitara vya kuazima kutoka klabuni, kwa kuwa barakoa moja mpya inakula mshahara wake wa siku mbili na zaidi.

Jioni mwandishi alipokuwa akiaga, Asmahan alikuwa jikoni akiosha vyombo. Sebuleni, Bi Nunu amechukua simu, amefungua kundi la ukoo, anarekodi ujumbe wa sauti. Jikoni maji yakafungwa.

"Wifi Makungu, na nyote mnaonisikia. Siku hiyo mtamwona Asmahan yuwatumia kushoto. Asiulize mtu. Mkono ni wake, na radhi nimempa mimi."