Meko ya Umeme na Shangazi wa Gulwe

Nikiweza kusimulia haya leo ni kwa sababu wenyewe waliokuwepo walishacheka wakamaliza, lakini mwaka mzima baada ya siku ile, mtu akitaja tu neno hita mbele yangu nilikuwa natafuta mlango.

Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za kila aina zinaingia nchini, na mimi, kijana wa Tanga mwenye digrii mpya na koti moja, nimehamishiwa Dodoma kwenye nyumba ya serikali kule Area C. Hakuna aliyeniambia kwamba Dodoma ina Julai. Upepo ule unapita chini ya mlango, unapanda kitandani, unauliza nani amelala hapa. Kwa hiyo mtaalamu mmoja wa kigeni alipouza vyombo vyake arudi kwao, wenzangu waligombea friji, mimi nikabeba meko ya umeme: sanduku kubwa lenye magogo ya plastiki, balbu nyekundu, na kijifeni cha bati kinachozunguka juu ya balbu hadi unaapa ni ndimi za moto, na chini kabisa waya wa kutoa joto. Nikamwandikia Neema, mchumba wangu aliyekuwa anafundisha Mpwapwa, barua ya kurasa tatu, mbili na nusu zikiwa za meko.

Wiki ya pili waya wa joto ukaungua, moto ukabaki wa kutazama tu. Hilo sikuliandika.

Neema naye alikuwa ameshawasimulia kwao Gulwe. Basi shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, pamoja na baba yake mdogo, wakasema kabla ya kupokea posa watakuja kuona kijana anaishije, na isitoshe shangazi magoti yake hayapatani na baridi, angependa kuuota huo moto.

"Shangazi akisema hapana, ni hapana," Neema alinionya.

Ningeweza kusema ukweli. Badala yake, Jumapili ile nikawasha jiko la mkaa, nikalificha nyuma ya sanduku, nikafunga mapazia ili moto wa balbu uonekane (dirisha niliacha wazi kidogo, elimu haikupotea yote), nikakaa kusubiri Neema awalete kutoka stesheni.

"Shikamoo shangazi, shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi yenu ina meno!" Shangazi akaketi mbele ya meko, akanyoosha mikono, akalegeza kitenge. "Mh! Neema, kumbe hukusema uongo."

Neema akanitazama, nami nikajisikia waziri.

"Unakula nini huu moto?" akauliza baba.

"Umeme tu, baba."

"Na majivu?"

"Hauna majivu."

Shangazi akanusa. "Mbona unanuka mkaa?"

"Ndivyo unavyonuka ukishapata moto sawasawa, shangazi," nikasema (mtu mwenye digrii!).

Dakika hiyohiyo umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza, balbu ikafa, ndimi za moto zikatoweka. Lakini joto likaendelea, tena likazidi, maana upepo wa dirishani ulikuwa unaupuliza mkaa.

"Moto umezimika," alisema baba taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe, "ila joto bado lipo."

"Linahifadhiwa humo ndani, baba. Kwenye... kwenye betri."

"Betri," shangazi akarudia.

Gogo moja la plastiki likainama, likadondoka, na moshi mweusi wenye harufu mbaya ukajaa sebuleni. Shangazi (yule wa magoti) akaruka, akalivuta sanduku pembeni, jiko langu likaonekana lote, jekundu, limekolea vizuri. Nikakimbilia ndoo ya maji jikoni, nikarudi mbio, nikajikwaa kwenye zulia, na maji yote yakampata baba, koti na kofia. Meko haikupata hata tone. Jirani yangu Mama Salumu akatokea mlangoni na beseni la mchanga.

"Jamani, mnafukuza nyuki humu?"

Tukahamia uani. Shangazi akalibeba jiko mwenyewe, akaliweka katikati, akamkalisha baba karibu akauke. Neema alikuwa anatazama ukuta.

"Sasa," shangazi akasema, "umetuficha jiko la mkaa. Jiko! Nyumba gani haina jiko? Ukimwoa huyu utamficha nini?"

Nikasema yote: waya, barua, aibu. Baba akapiga chafya, akauliza,

"Kwani ungesema imeharibika tungegeuza na treni ileile?"

Shangazi akachokonoa mkaa kwa kijiti, muda mrefu. Kisha akamwambia Neema, si mimi, "Mkaa ameuwasha vizuri." Ndipo akanigeukia. "Posa tutapokea. Ila siku ya mahari, mbele ya wazee wote, habari hii utaisimulia wewe mwenyewe, bila kupunguza."

Neema akaanza kucheka hadi akaegemea ule ukuta.

Nilisimulia. Wazee waliomba nirudie sehemu ya betri.

Niliapa tangu hapo, na ninatimiza: mgeni akiingia kwangu, kabla hajakaa namwonyesha kiti chenye mguu mbovu, bomba lisilotoa maji na mlango wa choo usiofungika. Neema anasema sasa nimezidi, wageni wengine wanaogopa kukaa.