Jina la Mjukuu Wangu Kwenye Orodha ya Jumatatu

"Sema nilikutuma," nikamwambia kwa mara ya tatu. "Bibi mgonjwa, mjukuu kamfungulia faili lake. Kosa liko wapi? Na nani atajua?"

"Mimi nitajua, bibi."

"Kwani wewe ndiye kamati?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu cha jikoni, magoti yanakaribia kidevu, viatu vya ofisi kavivua na kuvipanga mlangoni kama mgeni, na nyumba yenyewe ndiyo iliyomlea. Mkononi alishika barua yenye mhuri. Alishanisomea mara mbili, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo kichwani. Barua ilisema kwamba Alhamisi iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana, faili langu la kliniki ya macho lilifunguliwa na mfanyakazi asiyehusika na matibabu yangu, na kwamba nina haki ya kujulishwa na haki ya kulalamika. Mfanyakazi asiyehusika alikuwa yeye. Aliyetia sahihi chini ya barua, kwa niaba ya hospitali, alikuwa yeye vilevile.

Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia tangu nizaliwe nimeona mwizi akikimbia, nimeona mwizi akikana, ila mwizi anayekuletea risiti nyumbani ndiyo kwanza namwona. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba katibu wa kamati ya maadili anakuja saa kumi kuchukua maelezo yangu, kamati itakaa kesho, na kitu cha kwanza watakachosoma ni maneno ya mgonjwa. Nikisema nilimruhusu, kazi yake ipo. Nikisema sikumruhusu, kanuni inajulikana, na aliyeiandika kanuni ni yeye mwenyewe.

Sasa wewe unayenisikiliza, mjukuu huyu, ninayemtania mke mwenzangu, humjui, kwa hiyo acha nikuonyeshe ni mtu wa namna gani.

Alipokuwa na miaka sita nilivunja birika la mama yake, lile la maua, nikamwambia usiseme. Mama mtu akauliza, mtoto kimya. Akauliza kwa fimbo, mtoto kimya. Nilikuwa nyuma ya pazia, mtu mzima na meno yangu yote, na ulimi wangu umelala. Nilimnunulia peremende wiki nzima. Alizila, akasema asante, na mpaka leo habari ya birika haijatoka kinywani mwake. Mtu wa hivyo akikua utampa kazi gani? Hospitali wakampa ulinzi wa taarifa za wagonjwa. Wenzake wakambandika jina, Kufuli.

Kazi yenyewe ilianza kwa karanga. Siku ya kwanza alinunua karanga za shilingi chache nje ya geti, akala, akafunua karatasi iliyofungiwa, akakuta majibu ya vipimo vya mtu. Jina, umri, ugonjwa, kila kitu, na chumvi juu yake. Kumbe karatasi za zamani za hospitali zilikuwa zinauzwa kwa uzito, na muuza karanga alikuwa mteja mzuri. Mjukuu wangu akarudi akanunua sinia zima, na la kesho yake, na la keshokutwa, mpaka rundo lote la karatasi likaisha mikononi mwake. Karanga tulizokula mwaka ule zingejaza kisima. Jogoo wangu alinenepa hata akashindwa kuwika, akawa anakohoa tu alfajiri. Baada ya hapo ikaandikwa sera: karatasi ya mgonjwa haitoki getini ila imekwisha kuwa majivu.

Kisha zikaja kompyuta, na maneno ya siri ya kuzifungulia. Manesi wakayaandika kwenye plasta za vidonda na kuzibandika chini ya meza. Yeye akapita wodi kwa wodi akibandua plasta kama daktari wa samani. Wa kliniki ya macho ndio waliomvunja mbavu. Pale karani aliliandika neno la siri kwenye ule ubao wa herufi wa kupimia watu, mstari wa chini kabisa, zile herufi ndogo kama mayai ya chawa, akisema wanaokuja huku hawaoni, kwa hiyo ni salama kuliko benki. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mgonjwa husindikizwa, na msindikizaji ana macho yake.

Hakuwa mkali. Watu wanadhani Kufuli ni mtu wa kufoka, lakini alichokuwa nacho ni Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi kompyuta humtolea orodha ya nyayo, nani alifungua faili la nani, saa ngapi, akakaa humo dakika ngapi. Hupiga mstari majina kumi, halafu hawaiti ofisini. Huenda kwa miguu mpaka alipo mtu, akasubiri amalize anachofanya, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Hili ulilifungua kwa sababu gani?" Ni hilo tu. Aliyekuwa na sababu hujibu, wakaendelea na siku yao.

Mwaka jana karani wa masjala hakuwa na sababu. Mama mzima, miaka ishirini na miwili kazini, alifungua faili la wifi yake ili ajue kama ile mimba ni kweli. Mjukuu wangu akaandika ripoti, na karani akafukuzwa. Siku hiyo mjukuu wangu alikuja akakaa kwenye kigoda hikihiki, chai ikapoa mbele yake. Siku hizi karani anauza vitambaa kwenye kona ya kwenda hospitalini. Kila asubuhi mjukuu wangu humwamkia, na kila asubuhi yule mama huitikia huku anakunja kitambaa ambacho kimeshakunjwa.

Mjukuu huyo ndiye aliyefungua faili langu.

Na sababu ya kulifungua ni uongo wangu. Jicho langu la kushoto limezima tangu mwanzo wa mwaka. Daktari anasema ni presha ya jicho, inakula pembeni kwanza kama panya, na hili la kulia nalo limeonjwa. Sikumwambia mtu. Kila mwezi nilipokwenda kliniki niliaga kwamba namwona rafiki yangu mfumaji, amelazwa. Mfumaji mwenyewe alikufa miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Hajawahi kuugua sana kama alivyougua mwaka huu. Nikijigonga mlangoni nilisema mlango ndio ulionifuata. Nikimimina chai pembeni ya kikombe, nilisema kikombe kimesogea.

Nilificha kwa sababu ya mwanangu, baba yake huyu. Ni mtu mwema, tatizo lake ni wema. Alishasema siku macho yangu yakichoka ataifunga nyumba hii na kunihamishia kwake, ghorofa ya tatu, ambako hata mlango una namba za kubonyeza, na kuku hawaruhusiwi. Nikihamia kule nitakufa kwa usafi.

Alhamisi ile mjukuu wangu alikuwa dirishani ofisini kwake. Akaniona nikivuka uwanja wa hospitali huku mkono wangu ukipapasa ukuta. Akakaa kwenye kiti, akafungua faili, akasoma, akafunga. Dakika nne. Jumatatu orodha ikatoka, na jina lake lilikuwa la thelathini na moja.

Fundi wa mitambo alimwambia, dada Kufuli, mstari mmoja huo naufuta sasa hivi, kwani orodha hii husomwa na nani? Akamjibu, husomwa na mimi.

Akaandika ripoti ya jina lake mwenyewe, akaipeleka kwa kamati. Kwa hiyo tukafika hapa, jikoni kwangu, saa tisa na nusu, mimi najaribu kumwokoa na yeye hataki kuokolewa.

Nilimpa uongo wa kila saizi. Nitasema nilimtuma. Nitasema nilimtuma kwa simu. Nitasema mimi ni mzee, sikumbuki kama nilimtuma au sikumtuma, na hapo mwanasheria gani ataniweza? Nikamwambia uongo wangu umeshalisha familia hii: babu yako nilimpata kwa kumwambia najua kupika. Akatabasamu kidogo, nikadhani nimeshinda.

"Ukimwambia hivyo nitabaki kazini," akasema. "Halafu Jumatatu nitakwenda kumuuliza mtu alifungua kwa sababu gani. Nitamtazama kwa uso upi, bibi? Na yule mama wa vitambaa nitamwamkiaje?"

"Yeye alifanya umbea. Wewe ulifanya kwa upendo."

"Wifi yake angejuaje tofauti? Faili lake limesomwa, basi." Akaikunja barua, akaikunjua. "Na wewe je? Tangu nifike unanitafutia pa kutokea. Hujaniambia kama ilikuuma."

Nikataka kufanya mzaha. Nilikuwa nao mmoja mzuri, ulishafika kwenye meno. Lakini alikuwa ananitazama kama siku ile ya birika, bila kulaumu, anangoja tu, na mtu hawezi kujificha nyuma ya pazia mara mbili katika maisha.

"Iliniuma," nikasema.

Akainamisha kichwa.

Nikamwambia ukweli, na wallahi ukweli ni mgumu kutamka kuliko nilivyodhani, unakauka njiani. Nikamwambia: wewe ndiye niliyepanga kukwambia kwanza, kabla ya baba yako, kabla ya mtu yeyote. Miezi mitatu nimekuwa nikikutungia hadithi yake. Usiku nageuka nageuka, natoa hili, naweka lile, ili siku nikikwambia ucheke kwanza, na ukija kulia uwe umeshacheka. Hadithi ilikuwa karibu kuiva. Halafu wewe ukaenda ukalisoma jicho langu kwa maneno ya daktari, asilimia ngapi na ngapi, peke yako, mlango umefungwa. Sikuwepo hata kukushika mkono. Ugonjwa wangu ukausikia kutoka kwa mtu mwingine, na mimi ni mzima, na mdomo ninao.

Alilia. Hakulia kwa sauti, mabega tu. Nikasogeza kigoda changu kingine mpaka magoti yetu yakagusana, nikautafuta mkono wake. Niliukosa mara ya kwanza, alikuwa upande wa kushoto. Akauleta mwenyewe.

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe tangu ulipovua viatu. Lakini sasa nielewe. Huyo katibu akija nitamwambia sikukuruhusu. Nitamwambia na kwamba iliniuma. Halafu nitamwambia mengine: kwamba orodha ilikuwa mkononi mwako na kiberiti kilikuwepo, na ukaja kwangu kwa miguu. Ayaandike yote, kalamu ni yake. Wakikufukuza, nami nitakuwa nimekufukuza, tutajua la kufanya. Wakikuacha, utabaki na uso wako."

Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama nina hakika nitaweza, kusema kweli tupu, mbele ya mgeni. Nikamwambia itanitoa jasho, sina mazoezi, lakini nitajikaza.

Birika likachemka, akanyanyuka akamimina yeye, akaniwekea kikombe upande wa kulia. Kisha akarudi, akakaa chini kabisa sakafuni, mgongo kwenye miguu yangu, kama zamani nilipokuwa namsuka.

"Niambie," akasema.

"Nikwambie nini? Si umeshasoma."

"Sijasikia."

Basi nikaanza, kama nilivyokuwa nimepanga. Nikamwambia kwamba mwanzo wa mwaka alikuja kunguru kwenye dirisha hili, kavaa vizuri, shati jeupe kifuani, lakini jicho moja bovu limefumba. Alikuwa na harusi ya dada yake na aibu imemjaa, maana shangazi zake ni wasemaji. Akaniuliza kama ninaweza kumwazima jicho. Nikamwambia jicho langu ni la zamani, limeona mengi, baadhi si ya kumwonyesha kunguru. Akasema hatatazama vya zamani, atatazama bibi harusi tu. Nikamwuliza ana mdhamini. Mjukuu wangu mabega yakaanza kutikisika tena, na safari hii nilijua ni kicheko.

"Ukamwazima?" akauliza.

"La kushoto. Nikamwambia siku tatu, zikizidi nakwenda kwa mama yako. Akaapa kwa bawa. Siku ya tatu sikumwona, ya nne sikumwona. Ya tano nikamkuta juu ya ukuta wa jirani, kanipa mgongo. Nikamwita, wewe, liko wapi jicho langu? Akageuka polepole, mke mwenzangu, na alipogeuka nikaona kwamba—"

"Hodi humu ndani."

Katibu wa kamati alikuwa mlangoni, mama mmoja mwenye miwani na mkoba mzito, anatazama viatu vilivyopangwa kizingitini asije akavikanyaga. Mjukuu wangu akanyanyuka, akajifuta uso kwa kiganja, akamwamkia. Kisha akavichukua viatu vyake mkononi akatoka uani, maana kanuni inasema asisikie.