Kitanzi Nilichomfungia Mkwe Wangu

Kosa ni langu, sitamsukumia mtu mwingine. Nimefuga ng'ombe hapa Kapseret tangu ujana, nikadhani hakuna wa kuniambia chochote kuhusu kamba.

Pampu ya kisima chetu ilikwama. Kiprono, mume wa binti yangu, akajitolea kushuka kuitoa. Nilimfunga kifuani kwa fundo ninalofungia ng'ombe, lile linalozidi kukaza ukivuta.

Aliligusa, akauliza polepole, "Mzee, hili halitanibana?"

Nikacheka. "Ng'ombe wangu hawajawahi kulalamika."

Mnajua kwetu mkwe habishani na baba wa mkewe. Akashuka.

Tulipoanza kumvuta, mimi na binti yangu Chebet, kitanzi kilikaza. Mkono wa kushoto wa Kiprono ulinaswa ndani, ukabanwa kwenye mbavu. Alipiga kelele mara moja, kisha sauti ikakatika.

Jamani! Nikivuta, namnyonga. Nikilegeza, anazama. Nilizungusha kamba kwenye nguzo nikabaki nimeishikilia, siendi mbele wala sirudi nyuma, huku Chebet akikimbia kuita majirani. Nilikuwa juu kwenye jua, lakini nilijiona nimefungwa pamoja naye kule chini.

Jirani mmoja aliteremsha kamba ya pili, yenye kitanzi kisichokaza. Kiprono akaingiza mguu, akasimama humo, akapata pumzi. Ndivyo alivyotoka.

Mkono ule haujapona. Hawezi kukamua, na kukamua ndiko kulikomlisha. Akija kwangu bado hunisalimu kwa heshima. Afadhali angenitukana!

Siku moja nilimuuliza Chebet kwa nini mumewe hakuniambia kwamba fundo ni baya.

"Alikuambia, Baba. Ukacheka."

Wewe unayepanda miti au kushuka visimani, usimfunge mtu kama mnyama. Fanya umbo la nane kwenye kamba, zungusha ncha mwilini, uirudishe ikifuata njia ile ile ya nane mpaka mwisho. Kaza, uache mkia mrefu. Mwache aning'inie kwa uzito wake wote akiwa bado karibu na ardhi.

Na akikuuliza swali, fungua ufunge upya, hata kama ni mkwe wako. Mimi kila jioni nikifunga ng'ombe nasikia lile swali lake, na sasa ninalo jibu, lakini halimsaidii mtu.