Aliyemfunza Farasi wa Kapteni Pell

Winifred Doyle alikaa na kinyongo miaka ishirini na mbili, na hakuona sababu ya kukiacha. Kule Long Island, Marekani, akiwa mtunza zizi la Kapteni Pell, yeye ndiye aliyemfunza Juniper, yule farasi jike aliyempa Kapteni kombe la polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi. Kapteni akatangaza kamfunza mwenyewe, na magazeti yakaumeza uongo huo.

Siku klabu ya polo ilipompa Kapteni cheti cha ufundi wa farasi, Winifred alikuwepo, anagawa chai. Mwenyekiti akauliza, "Hebu Kapteni, Juniper ulimtoaje woga wa fimbo ya kuchezea?"

"Nilimchapachapa nayo shingoni mpaka akazoea."

Meza nzima ikamgeukia. Wachezaji wote wale wanajua, farasi ukimchapa na ile fimbo hataki kuiona tena.

"Winnie," mwenyekiti akaita, akimkumbuka enzi za zizini, "wewe ungefanyaje?"

"Fimbo hiyo nilimtundikia zizini mwezi mzima, bwana. Alikuwa akiisukuma kwa pua ale nyasi zake. Kapteni huyu hata mlango wa zizi haujui."

"We bibi, mimina chai!" Kapteni akafoka.

"Jimiminie. Mikono unayo."

Mwenyekiti akalikata jina la Kapteni kwenye cheti, akaandika la Winifred. Kapteni akampa mkono. Winifred hakuupokea.