Punje Nyeusi Kwenye Maziwa

Mimi nina mdomo, na sikatai. Kule Tanga mama mkwe alikuwa akisema mwanawe kaoa kengele. Kwa hiyo siku mume wangu alipoingia nyumbani na barua ya kazi ya Kenya, nilisema yangu yote kabla hajavua viatu. Kenya, sawa. Hata Mombasa ningekwenda nikiimba, tuna ndugu kule. Lakini Garissa? Nani mwenye akili zake anahama nchi na mtoto wa mwaka na nusu kwenda kukaa mahali watu wanapopigana?

Yeye alikuwa fundi wa injini za maji. Injini ya Garissa, ile iliyovuta maji ya Mto Tana kuyapandisha mjini, ilikuwa imewashinda mafundi wawili, na wa tatu alikataa kwenda. Akanijibu kwa upole wake ule uliokuwa ukinichefua: "Mke wangu, vita viko porini. Sisi tutakaa mjini."

Haya. Kana kwamba pori limechorewa mstari.

Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka miwili hivi. Wasomali wengi wa mkoa ule walitaka kujitenga wajiunge na Somalia, serikali ikakataa katakata, vijana wakaingia porini na bunduki. Serikali iliwaita shifta. Wengine waliwaita watoto wao. Sisi tulifika kwa msafara wa malori, askari mbele, askari nyuma, na kila kichaka kilichotikisika nilimkumbatia mwanangu hadi akalia kwa kubanwa. Mume wangu alikuwa akimwuliza dereva habari za injini ya lori. Nilitamani kumzaba kofi.

Tulipewa nyumba ya serikali, ya bati, ndani ya seng'enge, pamoja na familia za askari na makarani kutoka bara. Na hapo ndipo nilipojua kwamba unaweza kushukiwa na kila upande bila kufanya lolote. Wake wa askari waliponiona nimejitanda na nikisikia adhana nanyamaza, walitazamana. Jirani yangu, mke wa koplo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliniuliza siku ya pili tu: "Mama, si nyinyi na hawa ni kitu kimoja?" Nikamjibu, "Mimi ni mtu wa Tanga, wala Kisomali sikijui hata neno." Akatabasamu. Halikuwa tabasamu la mtu aliyeamini.

Nikienda dukani mtaani, huko wanakoita bula, nikatoa salamu, wataitikia vizuri: "Wa alaykum salaam." Halafu kimya. Maneno waliyokuwa wakizungumza yanakatika kama uzi. Walikuwa wanamwona mume wangu akipita na sare ya khaki ya serikali, na kwao khaki ni khaki tu, hata kama mikono yake imejaa grisi. Nami nikaanza kushuku sukari yangu nikiiangalia mizani, nikiiangalia karatasi, nikimwangalia mwenye duka vidole. Nilikuwa sijawahi kuishi hivyo. Nilimchukia mume wangu kwa kunifundisha kuishi hivyo.

Basi mtoto akapata surua. Ilimtoka, alhamdulillahi, lakini ilimwacha mifupa. Alikuwa mtoto wa mashavu, mtoto wa kubebwa na kila mtu, akawa kichwa na macho. Uji anautema. Wali anaufinya mkononi na kuutupa. Nilimpeleka hospitalini, na dresa, yaani mganga msaidizi, Msomali wa makamo aliyezaliwa Wajir, alimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama.

"Maziwa," alisema. "Mabichi ya leo, uyachemshe. Asubuhi na jioni."

"Ya kopo je?"

"Ya kopo unayo?"

Sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Lori moja lilikuwa limeshambuliwa njiani na msafara ukazuiwa, maduka yakabaki na kiberiti na majani ya chai. Dresa akaniambia taratibu, "Mama, sikufichi. Mtoto huyu asipopata maziwa wiki hii, usinilaumu mimi."

Maziwa yalikuwepo, tena mlangoni. Kulikuwa na mwanamke wa Kisomali, wa rika langu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi cha wanawake walioolewa, aliyeruhusiwa kupita langoni asubuhi na kibali chake akauza maziwa ya ngamia. Mimi sikuwa nimenunua kwake hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu ya mke wa koplo. Alikuwa ameniambia, sauti chini, kwamba kwenye kambi nyingine askari mzima alikunywa maziwa ya hawa wanawake mchana, jioni akawa maiti. Kambi gani? Hajui. Askari gani? Hajui. Nani kamwambia? Watu. Na mume wa huyu muuzaji yuko wapi? Yuko na ngamia, upande wa Hulugho. Hulugho iko karibu na mpaka wa Somalia. "Unasikia, mama? Mpaka," alisema, akaniacha na hilo neno.

Nikasema lolote na liwe. Asubuhi iliyofuata nikamwita yule mwanamke. Akafurahi, akaniita abaayo, yaani dada, akaniwekea chombo chake kizingitini. Kilikuwa chombo kirefu cha nyuzi zilizosukwa zikakazwa, cheusi kwa uzee. Nikafungua kifuniko.

Harufu ya moshi ikanipiga puani. Nikamimina kidogo kwenye bakuli jeupe, nikaona punje nyeusi zinaelea juu ya maziwa, ndogo ndogo, zinazunguka.

Mtume! Sijui nilisema nini. Najua nililimwaga lile bakuli miguuni pake, nikapiga kelele kama mtu aliyeumwa na nyoka. "Umeweka nini? Umeweka nini humu?" Naye mikono juu, "Abaayo, wallahi maziwa iko safi! Onja tu, iko fizuri, wallahi!" Mke wa koplo alikuwa ameshafika, sijui alitokea wapi upesi namna ile, na nyuma yake askari wawili. Walimshika kila mmoja mkono. Kitambaa chake kilidondoka, akawa anaomba wamwache akiokote, wasimwache. Nikakiokota mimi. Walikuwa wameshafika mbali naye.

Mume wangu aliporudi mchana nilimwonyesha chombo nikijisifu kidogo, nisiseme uongo. Nilimwambia nimemwokoa mwanawe. Akakitazama, akanusa, akakibeba hadi kwa dresa. Waliporudi pamoja, dresa alikuwa amekasirika hadi midomo inamcheza.

"Huu ni mkaa," alisema. "Mkaa, mama! Chombo husuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, maziwa yasiharibike kwa joto, na yanukie. Mama yangu alifanya hivyo. Mama yake alifanya hivyo. Mmemfungia mwanamke mkaa?"

Kengele ikanyamaza. Mimi, mtoto wa Tanga, ambaye tangu utoto nimefukiza mitungi ya maji kwa ubani ndipo tukanywa, nilishindwa kuitambua harufu ya moshi. Niliona haya, uso ukaniwaka.

Lakini ngoja niseme kweli, maana kama sisemi sasa nitasema lini. Dresa alipotoka, haya ikatoka naye. Nilimwambia mume wangu, "Na yeye si mtu wa Wajir? Ulitaka aseme nini?" Mume wangu alinitazama kama anayenitafuta na hanioni. "Mtoto anakufa," alisema. "Wewe endelea."

Alikwenda kituoni, akakaa huko hadi alasiri, akaeleza, akaweka sahihi. Walimwachia yule mwanamke siku ya pili. Mume wangu akaenda hadi bula kumwomba radhi, na kumwomba maziwa. Mimi nilisema hatakuja. Nani angekuja? Na angekuja, kwa nini?

Alikuja. Asubuhi ya tatu nilimkuta amesimama mlangoni, chombo mkononi. Nilimrudishia kitambaa chake, nilichokifua na kukikunja. Akakipokea bila kusema asante, na alikuwa na haki. Halafu akafanya jambo. Alimimina maziwa kwenye kifuniko, akanywa yote, akafuta mdomo, akakipindua kifuniko nione kwamba hakikubaki kitu. Akanikazia macho. "Sasa mtoto," alisema.

Nikayachemsha. Wakati yanachemka nilikuwa najiambia kwamba moto huua vijidudu, haujasemwa kuwa huua sumu. Ndivyo nilivyokuwa. Nikampa mwanangu vijiko vitatu, vinne. Hakuyatema. Alishika bakuli kwa mikono yake miwili kama mzee na kulivuta kwake, nami nililia pale pale jikoni, na huku nalia nilikuwa nachungulia dirishani kuona kama yule mwanamke bado anatembea wima.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Anakuja, anamimina, anakunywa, anapindua kifuniko, anaondoka. Hakuniita tena abaayo. Kila siku nilijiambia leo nitamwambia basi, dada, inatosha, nakuamini. Maneno nilikuwa nayo, hayajawahi kunipungukia maishani. Halafu mke wa koplo anapita ukutani: "Hao wana mizizi yao, mama. Wanaitafuna kabla, wakinywa haiwadhuru." Nami naingia ndani, maneno yangu nayameza. Hata hivyo mtoto alikuwa anarudi. Ngozi ya tumbo ukiifinya inalala. Akaanza kusimama akishika kitanda.

Kisha mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo alikuja kama kawaida. Alisimama na chombo, mimi nimesimama mlangoni, wote wawili midomo mikavu. Hakumimina. Alikuwa amefunga, nami nimefunga, na kila mmoja alimjua mwenzake kuwa amefunga. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya. Nilipaswa kunyoosha mkono, nikapokea maziwa, nikamwambia Ramadhani njema. Mtoto yeyote angelijua hilo.

Nilimwambia, "Na leo je?"

Maneno matatu. Nilidhani atanitukana, na kwa kweli nilingoja anitukane, ningejua pa kuanzia. Akaweka chombo kizingitini, akageuka, akatoka langoni.

Alirudi amemshika mkono mtoto wa kike. Wa miaka minne hivi, au mitano, nywele zimesukwa, miguu peku. Nilikuwa sijui kama ana mtoto. Sikuwa nimeuliza. Akamimina maziwa kwenye kifuniko, akamkabidhi bintiye, na yule mtoto akanywa, akafurahi, akalamba na ukingo. Mama yake akamwambia neno kwa Kisomali akimwonyesha kizingiti, na mtoto akakaa. Yeye mwenyewe akachuchumaa kando, akanitazama mimi, akimaanisha: haya, subiri.

Nikasubiri.

Nilikaa kwenye kigoda, tukiwa watatu, jua linapanda. Binti alichora chora mchangani kwa kidole. Mara moja alikohoa, nikasimama ghafla, na mama yake pia akasimama, si kwa mtoto, kwa kunitazama mimi. Nilimwangalia yule mtoto macho, midomo, namna anavyopumua. Kivuli cha bati kilipokwisha kutoka kizingitini, nikaona ameendelea kuchora na hana neno, ndipo nikabeba chombo kwenda kuyachemsha.

Nilidhani siku ya pili hatakuja na mtoto, au mimi nitamkataza. Alikuja naye. Sikumkataza. Alikuja naye mwezi mzima. Nilijiuliza wakati ule kwa nini anakubali, nikaona hata kukubali kwake kuna kitu kimejificha ndani. Leo najua, na ni jambo dogo la kujua. Aliogopa nitapiga kelele tena. Ngamia walikuwa na maziwa, wanunuzi walikuwa ndani ya seng'enge, na mimi ndiye mwanamke niliyeinua sauti mara moja akashikwa mikono akaburutwa kichwa wazi.

Mume wangu kutwa alikuwa mtoni na injini yake. Alifikiri nilishaacha. Futari ikiiva alikuwa akimrusha mwanawe juu na kumdaka, mtoto amenenepa, anacheka, na kuniambia, "Umeona? Watu ni wema, ni wewe tu na roho yako." Nami naitikia, ndiyo, kweli, watu ni wema.

Tulikaa Garissa hadi mkataba ulipokwisha, tukarudi Tanga. Mwanangu huyo leo ana mvi kunizidi. Wanangu wakiniuliza habari za Garissa huwasimulia joto, na malori, na injini iliyoshinda mafundi wawili, nao hucheka nikimwigiza baba yao. Hili sijawahi kumwambia mtu. Mume wangu nilimzika hajui kwamba mtoto wake alipokuwa akinenepa mwezi ule wa Ramadhani, mimi kila asubuhi, na funga yangu na udhu wangu, nilikaa mlangoni nikimtazama mtoto wa mwenzangu kama ataanguka, ndipo nimpe wangu.